Buli la Kuagiza

Mwaka 1948, mfinyanzi wa Yixing aitwaye Gu Jingzhou, aliyekuwa bado na umri wa miaka thelathini na kitu, alitengeneza mabuli matano ya chai yenye umbo moja. Umbo hilo huitwa shipiao: mwili wa pembetatu, chini mpana na juu umebana, mdomo mfupi ulionyooka, na mkono wenye kona. Hakuyapeleka sokoni. Moja alibaki nalo mwenyewe, na manne yakaenda kwa watu wanne wa Shanghai waliojuana: wachoraji Wu Hufan, Jiang Handing na Tang Yun, pamoja na Dai Xiangming, mfanyabiashara wa mabuli. Wu Hufan alichora mianzi na kuandika maneno juu ya vyombo hivyo, na Jiang Handing naye akatia mkono wake. Kila mmoja alipata buli la kunywea chai nyumbani kwake, na kila alipoliinua alikuwa ameshika kazi ya rafiki zake.

Mwaka 2010 buli la Dai liliuzwa kwenye mnada mjini Beijing kwa zaidi ya yuani milioni 12. Ni fedha nyingi mno kwa chombo cha udongo kinachoenea kwenye viganja viwili. Hata hivyo bei hiyo ilikuja miaka sitini baadaye. Buli lenyewe lilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa: urafiki wa fundi na watu wachache, na hamu ya kuwa na kitu kimoja cha pamoja.

Hamu hiyo ingali hai. Leo kuna vikundi vya wapenda chai ambavyo wanachama wake wametawanyika nchi nyingi na hawajawahi kukaa meza moja. Wanapeana habari za majani, za maji na za vyombo kupitia simu na kompyuta, na baada ya mwaka mmoja au miwili huja siku ambapo mmoja wao anauliza: kwa nini tusiwe na kikombe chetu? Njia ya mkato ipo. Kiwanda kinaweza kuchapa nembo juu ya vikombe mia na kuvituma kwa muda mfupi. Njia ya pili ni ndefu na ina mashaka yake: kumtafuta fundi, kuzungumza naye, kukubaliana juu ya ujazo, udongo, umbo na muhuri, kisha kungoja. Njia hii ya pili ndiyo inayostahili kusifiwa, na sifa zake ni za watu wawili. Fundi anasifiwa kwa mikono yake. Mteja naye anasifiwa kwa kujua kuagiza, kwa sababu katika historia ya chai maumbo mengi yaliyodumu yalianza kwa mtu aliyekunywa chai kwa makini, akajua chombo chake kinakosa nini, akaenda kumwambia fundi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, udogo wa mabuli haya unahitaji maelezo kidogo. Chai ya Kericho, Limuru, Mufindi au Tukuyu kwa sehemu kubwa hukatwakatwa na mashine hadi iwe chenga. Chenga hutoa rangi na ukali wake upesi, kwa hiyo hufaa sufuria, maziwa na tangawizi, na chupa ya chai inayotosha nyumba nzima pamoja na wageni. Chai ya Kichina ya oolong au pu'er huachwa jani zima. Mnywaji huweka gramu tano hadi nane kwenye buli la mililita 100 au 150, humimina maji ya moto, husubiri sekunde chache, kisha humwaga chai yote kwenye vikombe vidogo. Anarudia kwa majani yaleyale mara sita, mara kumi, pengine zaidi, na kila maji mapya hutoa ladha yake. Mtindo huo unataka chombo kidogo kinachotunza joto, kinachomwaga upesi bila kuchuruzika, na chenye kifuniko kilichokaa barabara.

China yenyewe haikuwa na chombo hicho tangu mwanzo. Kwa karne nyingi chai iliyothaminiwa ikulu ilishindiliwa kuwa mabonge, ikasagwa unga na kupigwapigwa katika bakuli hadi ikatoa povu. Mwaka 1391 Mfalme Hongwu, mwanzilishi wa enzi ya Ming, alisimamisha ushuru wa chai ya mabonge na kuagiza aletewe majani. Majani yakahitaji buli. Nanjing, katika kaburi la towashi wa ikulu aitwaye Wu Jing aliyezikwa mwaka 1533, lilikutwa buli la udongo wa Yixing ambalo mkono wake umepinda juu ya kifuniko. Ndilo la zamani zaidi la aina yake lenye tarehe ya kutegemewa, na ni kubwa kuliko mabuli ya leo.

Aliyeleta udogo ni Shi Dabin, mfinyanzi wa mwisho wa enzi ya Ming. Habari zake ziliandikwa na Zhou Gaoqi katika kitabu cha mabuli ya Yixing, karibu mwaka 1640. Mwanzoni Shi alitengeneza mabuli makubwa, akiwafuata waliomtangulia. Kisha akasafiri hadi Loudong, akawasikia msomi Chen Jiru na wenzake wakijadili namna chai inavyopaswa kuonjwa. Aliporudi kwenye karakana yake alianza kutengeneza madogo. Hapo hakukuwa na mkataba wala arbuni. Kulikuwa na fundi aliyeketi na wanywaji, akasikiliza wanachokitaka, na ukubwa wa buli la Yixing ukabadilika.

Yixing iko mkoa wa Jiangsu, magharibi ya Ziwa Tai, na wafinyanzi wake wengi wako mji wa Dingshu. Udongo wao, unaoitwa zisha, huchimbwa ukiwa mwamba. Machimbo yenye sifa kubwa ni ya mlima Huanglong. Mawe huachwa nje yapigwe na jua, mvua na baridi mpaka yavunjike yenyewe. Baadaye husagwa, huchekechwa, huchanganywa na maji, na bonge huhifadhiwa penye unyevu kwa miezi au miaka kabla fundi hajaligusa. Uko udongo wa zambarau inayoelekea kahawia, uko mwekundu, na uko unaotoka tanurini ukiwa wa manjano. Buli halipakwi rangi wala kitu cha kung'arisha, ndani wala nje. Chai hugusa udongo mtupu, na baada ya miaka ya kutumiwa na kupanguswa, ngozi ya buli hupata mng'ao wake wenyewe.

Kazi ya mikono huanza na nyundo pana ya mti. Fundi wa Yixing hainui chombo kwa gurudumu linalozunguka kwa kasi, kama wafanyavyo wafinyanzi wa mahali pengi. Hupiga bonge la udongo juu ya meza mpaka liwe bapa lenye unene uleule kila upande, milimita chache tu. Kwa kisu hukata ukanda mrefu, na kwa bikari hukata duara za chini na za juu. Ukanda huzungushwa juu ya kibao hadi ncha zake zikakutana, na hapo buli huonekana kama bomba fupi. Sasa vidole vya mkono wa kushoto huingia ndani, mkono wa kulia hushika kibao chembamba, na fundi huanza kupiga upande wa nje huku akilizungusha taratibu. Kila pigo huusogeza ukingo kuelekea katikati. Bomba hujikunja bila kukunjamana, tundu hupungua, na linapobaki dogo huzibwa kwa duara. Kisha hugeuzwa juu chini na kazi hurudiwa upande wa pili.

Mtu akiingia karakanani wakati huo ataona kitu cha ajabu: buli lisilo na mlango, limefungwa pande zote, na hewa imenaswa ndani. Hewa hiyo inafanya kazi. Inaushikilia mwili usibonyee fundi anapousawazisha kwa mapigo mepesi. Hatimaye mdomo na mkono huunganishwa kwa udongo uliolainishwa kwa maji, sehemu ya juu hukatwa, na kifuniko hutengenezwa kikae hapo. Kabla ya kuliachilia buli, fundi huchukua kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe kilicholowekwa majini hadi kikanyumbulika, akakipitisha juu ya udongo mbichi mara nyingi, akifuata mviringo wa tumbo, shingo na mabega. Pembe huzisukuma chembe ndani na kuuleta juu udongo laini. Uso unaong'aa kidogo hata kabla ya moto umetokana na kipande hicho cha pembe na subira ya mtu aliyekishika.

Moto hufika kati ya nyuzi 1,100 na 1,200. Udongo husinyaa, na ule mwekundu uitwao zhuni husinyaa kuliko wa zambarau, hata mafundi hodari hupoteza vyombo tanurini kwa kupasuka au kupinda. Mteja anayejua haya hashangai buli alilotaka la mililita 120 likitoka na mililita 112. Anajua pia namna ya kulipima: hulijaza maji, huziba kwa kidole kitundu kilicho kwenye kishikio cha kifuniko, kisha huliinamisha. Kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa, maji hukatika mdomoni papo hapo, na akitoa kidole hutiririka tena.

Mtu aliyeonyesha kuagiza kunaweza kufika wapi ni Chen Hongshou, anayejulikana zaidi kwa jina la Mansheng. Alizaliwa mwaka 1768 na kufariki 1822. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri na mchonga mihuri. Wachina humhesabu miongoni mwa mabingwa wanane wa uchongaji mihuri wa Hangzhou. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 alipewa ukuu wa wilaya ya Liyang, inayopakana na Yixing. Huko alimkuta Yang Pengnian, mfinyanzi aliyesifiwa kwa kuunda midomo na mwili kwa mikono wakati ambapo wengi walikuwa wamezoea kalibu. Mkuu wa wilaya na mfinyanzi wakaanza kazi ya pamoja ambayo hata leo hutajwa mabuli yanapozungumzwa.

Chen alileta maumbo. Jadi humhesabia kumi na nane, ingawa yaliyobaki ni mengi kuliko hayo. Aliyapata katika vitu alivyoviona: kata ya kuchotea maji, kofia pana ya mkulima, kibuyu, kipande cha kigae cha paa la kale. Moja lilitokana na ukingo wa kisima cha hekalu moja la Liyang, uliochongwa maandishi mwaka 811. Chen aliagiza buli lenye umbo la ukingo ule, na maandishi yake yakanakiliwa kuzunguka tumbo la buli. Aliacha mwili mtupu, bila mapambo ya maua na wanyama yaliyopendwa na wengi, ili pawe na nafasi ya maneno. Aliamini kwamba kazi ya sanaa haihitaji kusuguliwa kila pembe hadi ukamilifu, ilimradi iwe na uhai wa mkono ulioitenda. Imani hiyo ilimpa Yang uhuru wa kufanya kazi kama mfinyanzi, bila kulazimishwa kuwa mashine ya michoro ya bwana mkubwa.

Maneno yalitoka kwa Chen na kwa marafiki waliokuwa wakikutana ofisini kwake, akiwemo mshairi Guo Lin. Walitunga mistari mifupi iliyolingana na umbo. Ya buli la kofia yaliweka pamoja kivuli kinachomkinga mtu na jua na chai inayomwondolea kiu. Ya buli la kisima yalizungumza na maji. Mistari ilichongwa udongo ukiwa umekauka nusu. Wengine walioshiriki katika ukoo wa Yang ni ndugu yake Baonian na dada yao Fengnian, mmoja wa wanawake wachache wa zama hizo ambao majina yao yamehifadhiwa katika ufundi huu.

Jambo la kupendeza kuliko yote limefichwa chini. Ukiligeuza buli la Mansheng, kwenye kitako utakuta muhuri wa Amantuoshi, jina la chumba cha kazi cha Chen. Ukiliangalia tena chini ya mkono, utakuta muhuri mdogo wa Pengnian. Mkuu wa wilaya, ofisa wa dola, na mfinyanzi anayeshinda na udongo vidoleni wameweka majina yao kwenye chombo kimoja. Kila mmoja amekiri kuwa hangeweza kukifanya peke yake. Baadhi ya mabuli yamechongwa namba pia, nyingine zikiwa katika maelfu, na mengine yana jina la rafiki aliyetengenezewa. Kwa mkusanyaji wa leo hiyo ni alama ya uhalisi wa kuchunguzwa kwa tahadhari, maana waigaji ni wengi. Kwa rafiki aliyelipokea wakati ule ilikuwa ishara kwamba yumo katika kundi.

Shipiao, lile umbo la kata, ni mojawapo ya maumbo ya Mansheng. Tang Yun, mmoja wa waliopata mabuli ya mwaka 1948, alikuwa mkusanyaji aliyepata mabuli manane ya Mansheng. Kwa hiyo Gu Jingzhou alipoketi kutengeneza shipiao zake, alikuwa akiendeleza agizo lililotolewa zaidi ya miaka mia moja nyuma yake, naye akalibana na kulinyoosha kwa jicho lake mpaka shipiao ya Gu ikawa kipimo cha waliomfuata.

Ufundi huu ulikaribia kupoteza desturi ya kutia majina. Katika miaka ya 1950 mafundi wa Yixing walikusanywa katika vyama vya ushirika na kisha kiwanda. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni muhuri wa mtu binafsi uliachwa, na mabuli yakapigwa muhuri mmoja wenye majina ya nchi na mji. Mabuli mengi ya miaka hiyo ni mazuri, na wapenda chai wanayatafuta hadi sasa, lakini nani alilifinyanga lipi haijulikani.

Hapo aliingia mteja mwingine. Lo Kwee-seong, anayejulikana kama K. S. Lo, alikuwa mfanyabiashara wa Hong Kong aliyeanzisha kampuni ya maziwa ya soya ya Vitasoy mwaka 1940. Alipenda mabuli ya Yixing kwa moyo wote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliagiza kazi moja kwa moja kwa mafundi, Gu Jingzhou akiwa miongoni mwao, akawahimiza wachukue muda wao na watie mihuri yao wenyewe. Mkusanyiko aliouchangia uliwezesha kufunguliwa kwa makumbusho ya vyombo vya chai katika jumba la Flagstaff, Hong Kong, mwaka 1984, na mwaka 1986 alitoa kitabu juu ya ufinyanzi wa Yixing kuanzia enzi ya Ming. Mtu mmoja mwenye fedha angeweza kununua vitu vya kale na kuridhika. Lo aliamua kuwapa kazi walio hai, na kizazi cha mafundi kikapata tena sababu ya kuandika majina yao.

Japani ina mfano wake, wa zamani zaidi. Sen no Rikyū, bingwa wa ibada ya chai aliyefariki mwaka 1591, hakuridhika na mabakuli ya fahari kutoka ng'ambo. Alimwendea Chōjirō, fundi wa Kyoto aliyehusishwa na vigae vya paa, wakapata bakuli linalofinyangwa kwa viganja bila gurudumu, jeusi au jekundu, linaloenea mikononi na kutunza joto. Bakuli jeusi hutolewa tanurini kwa koleo likiwa bado linawaka. Familia ya Raku iliyotokana na agizo hilo inaendelea na kazi: kizazi cha 16 kilishika uongozi mwaka 2019.

Si kila kumbukumbu ya wapenda chai ni chombo. Nyingine ni chai yenyewe. Mwaka 1994 kundi la wapenda chai kutoka Taiwan, Lü Lizhen akiwa mmoja wao, lilisafiri hadi Yiwu, Xishuangbanna, katika mkoa wa Yunnan, kutafuta chimbuko la keki za pu'er walizokuwa wakizinywa. Nyumba za biashara zilizowahi kuzitengeneza zilikuwa zimefungwa miongo kadhaa kabla, na vibao vya mawe vya kushindilia vimelala. Walishirikiana na Zhang Yi, aliyewahi kuwa kiongozi wa tarafa hiyo, kufufua utaratibu wa zamani, na katikati ya miaka ya 1990 keki walizoziagiza zikatoka kwa jina la Zhenchunya. Majani hupimwa, hufukizwa kwa mvuke hadi yakalegea, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa unaosokotwa na kufungwa fundo, kisha mtu husimama juu ya jiwe zito na kulichezesha kwa uzito wa mwili wake. Fundo huacha shimo nyuma ya keki. Kipimo cha kawaida ni gramu 357, na keki saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi, karibu kilo mbili na nusu. Kikaratasi kidogo hushindiliwa ndani ya majani yenyewe, kuonyesha ni kazi ya nani.

Waliotoa agizo lile walitaka chai ya kunywa na kuhifadhi. Walichokipata ni zaidi: baada yao wateja wengine walifika Yiwu wakitaka keki za jiwe, na ujuzi ambao ungekufa na wazee ukapata vijana wa kuupokea. Leo vikundi vingi vya wapenda chai huagiza keki zao hivyo hivyo, zikiwa na karatasi iliyochorwa na mmoja wao. Ni kumbukumbu inayopungua kila inapofurahiwa, na wanachama huandikiana baada ya miaka mitano au kumi kuulizana ladha imefika wapi katika nyumba yenye joto na nyumba yenye baridi.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hamu hii. Familia inayochagua kanga za sare kwa harusi hutazama rangi na mji, lakini hukesha juu ya jina, yaani maneno yaliyochapwa juu ya kanga, kwa sababu maneno yale yatasema habari zao muda mrefu baada ya pilau kuliwa. Kikundi cha chai kinachoagiza vikombe arobaini kina mzigo huohuo. Kinachagua kitakachosemwa, mahali pa kukisema, na sauti ya kukisemea.

Kinachowashinda wengi ni kuanza na nembo. Kamati hubishana wiki nzima juu ya mchoro, kisha mchoro hutafutiwa chombo. Chen Mansheng alikwenda kinyume: umbo na matumizi vilitangulia, maneno yakafuata umbo. Kikundi kinachomwandikia fundi leo kifuate mpango huo. Kianze kwa kusema wanakunywa chai gani, kwa gramu ngapi, watu wangapi mezani, na wanataka buli limwage kwa sekunde ngapi. Kiulize kama mwili utatengenezwa kwa mikono mitupu au kwa kalibu, maana vyote viwili vipo sokoni na bei zake hazilingani. Kalibu si aibu ikitajwa waziwazi. Kiombe sampuli moja na kuinywea chai kabla ya kuthibitisha. Kiagize vichache zaidi ya idadi ya wanachama, kwa sababu tanuri ina haki yake na posta ina yake. Kilipe arbuni inayomwezesha fundi kununua udongo bila kukopa, na kiandike mapema nani atabeba ushuru wa forodha.

Kisha kuna suala la muhuri. Wapo wanaomtaka fundi aache jina lake na kuweka la kikundi peke yake, wakidhani ndivyo kitu kinavyokuwa chao. Mabuli yaliyodumu yanaonyesha namna nyingine. Kitako kina nafasi ya kutosha kwa alama ya waliolitaka, na chini ya mkono au ndani ya kifuniko pana nafasi ya aliyelitenda. Fundi anayejua kwamba jina lake litasafiri hadi meza arobaini za watu wanaoelewa chai huutazama kila ukingo mara ya pili. Na mwanachama aliye mbali, ambaye hatafika Dingshu wala Kyoto, anapata kumjua mtu mmoja wa huko kwa jina.

Kikundi kikishavitumia vyombo hivyo kwa misimu kadhaa kitakuwa na habari ambazo fundi hawezi kuzipata peke yake karakanani: kishikio kinachoma vidole maji yakiwa ya moto sana, mdomo huziba kwa majani mapana ya oolong, mililita 112 zinatosha watatu lakini si wanne. Habari hizo ziandikwe na kurudishwa kwake kwa heshima, pamoja na picha za mabuli yaliyoanza kung'aa kwa matumizi. Buli la pili la kikundi, likiagizwa, lianzie hapo.